Kitambaa cha Kijani

Wiki ya kufungua shule, mtaa wa mafundi ulikuwa hauna pa kuweka mguu. Wazazi walivuta watoto, watoto walivuta mabegi, na wauza madaftari walikuwa wamepanga mali yao hadi katikati ya njia. Fundi alisimama mlangoni pa duka lake, tepu shingoni, gauni lake la maua ya zambarau limekaa kiunoni kama alivyopenda, akimtazama mwanamume mrefu aliyeinama kuinua boksi la chaki.

Kisha akaisikia sauti ambayo kila fundi anaijua. Chaaa! Suruali ilikuwa imefumuka nyuma, juu mpaka chini.

Mwanamume yule akabaki ameinama vilevile, kama mtu aliyeshikwa na kiuno.

"Kaka," Fundi alimwambia, "ukisimama watu watajua. Ukibaki hivyo watajua vilevile. Chagua."

"Dada yangu, nihurumie. Wanafunzi wangu wamejaa hapa."

Fundi hakucheka. Alivuta sweta la kuuza lililokuwa karibu, akalizungusha kiunoni mwa yule mtu na kufunga mikono yake kwa mbele, kisha akatoa tepu na kujifanya anampima mabega ili wapita njia wasitazame kwingine.

"Haya, simama. Unapimwa, basi."

Akasimama, akajitazama. "Lakini hili ni la kijani!"

"Ulitaka la dhahabu?"

"Mimi nafundisha shule ya juu. Sisi ni bluu! Nikionekana na kijani nitazomewa mpaka nistaafu."

"Basi livue, wazomee kilicho chini yake."

Hapo wote wawili wakacheka, na boksi la chaki likasahaulika palepale chini.

Wilaya ile ilikuwa na shule mbili za sekondari za serikali. Ya juu ilikuwa kilimani, ndogo, ya masweta ya bluu. Ya chini ilikuwa kubwa, karibu na barabara kuu, ya masweta ya kijani. Mtu huyu alifundisha hesabu kule juu, na wanafunzi walimwita Pembetatu, kwa sababu hata akimgombeza mtu kwa kuchelewa, alichora pembetatu ubaoni kumwonyesha alipokosea.

Sweta lilirudi kesho yake, limefuliwa na kupigwa pasi. Kifungo kimoja kilichokuwa kinaning'inia kilikuwa kimekazwa kwa uzi wa rangi nyingine, mishono imepinda kama njia ya mbuzi. Fundi alikitazama kile kifungo kwa muda. Huyu amejichoma vidole, alijiambia, ili arudishe kitu kikiwa bora kuliko alivyokichukua. Hakukirekebisha. Sweta lile hakuliuza tena. Alilitundika ukutani juu ya cherehani yake.

Baada ya hapo nguo za Pembetatu zilishikwa na maradhi. Wiki hii shati limefumuka kwapani, wiki ijayo bitana ya koti, halafu mfuko wa suruali. Fundi alizipokea zote. Uzi uliochoka ukikatika huacha nyuzinyuzi, lakini nyuzi hizi zilikuwa zimekatwa safi kwa wembe. Alilijua hilo tangu shati la kwanza. Alishona, akanyamaza, na wiki iliyofuata akajikuta anachungulia njia.

"Halo, Fundi? Koti langu limepona?" Pembetatu aliuliza kwenye simu mchana mmoja, kelele za watoto zikisikika nyuma.

"Limepona. Linauliza mbona huji kulichukua."

"Liambie nasahihisha madaftari."

"Linasema limechoka kulala nyumba ya watu."

"Na mwenye nyumba je, amelichoka?"

"Mwenye nyumba hajasema kitu. Njoo umsikilize mwenyewe, mpenzi."

Neno hilo lilimtoka kabla hajalizuia. Upande wa pili ikasikika chaki ikianguka sakafuni.

Shangazi yake Fundi, aliyekuwa amekaa kigodani akishona vifungo, hakuinua kichwa. "Nguo za huyo mwalimu zinaliwa na panya," alisema, "au na mapenzi?"

"Shangazi, shona vifungo."

"Nashona. Masikio hayana kazi, ndiyo maana nauliza."

Jioni moja Pembetatu aliuliza kuhusu cherehani, ile nyeusi ya zamani yenye namba ya rangi nyeupe ubavuni. Fundi akamweleza. Alikuwa amesoma shule ya juu. Alipofiwa na baba yake akiwa kidato cha nne, mwalimu mkuu wa wakati ule alikuja msibani, akakaa chini na wanawake, akamenya viazi pamoja nao kimya kimya. Fundi alipomaliza mtihani, mwalimu mkuu yule akatoa cherehani katika chumba cha mapishi na ushonaji cha shule, akawaambia wasichana wawili waibebe hadi kwao. "Alisema isikae ikifunikwa vumbi wakati kuna mikono," Fundi alieleza. "Basi ndiyo hii."

Pembetatu aliigusa cherehani kwa kiganja, taratibu, kama anavyoguswa mtoto aliyelala.

Muhula wa pili ulikuwa haujaisha Afisa Elimu wa wilaya alipotangaza kwamba shule ya juu itafungwa. Wanafunzi walikuwa wachache, alisema, na paa limechoka. Muhula wa tatu wote wangehamia shule ya chini, hata kidato cha nne waliobakiza miezi michache kufanya mtihani. Na agizo likabandikwa kwenye malango ya shule zote mbili: hakuna mwanafunzi atakayevuka lango la shule ya chini bila sare kamili ya kijani.

Pembetatu alikonda. Alikwenda ofisi ya elimu, akarudishwa, akaenda tena. Na katika siku hizohizo, Fundi akiwa ameenda kununua nyuzi, gari la wilaya lilisimama mlangoni likashusha marobota ya kitambaa cha kijani. Shangazi akayapokea. Kila fundi wa mtaa ule aliletewa.

Fundi aliporudi alisimama mlangoni, mkono bado kwenye kitasa. "Shangazi, hiki nini?"

"Kazi, mwanangu. Kazi ya kutosha. Tukikataa sisi watashona wengine, na watoto watahama tu."

Fundi alikuwa bado anawaza ajibu nini Pembetatu alipoingia na shati mkononi. Alitazama marobota. Uso wake ukajifunga kama dirisha.

"Kumbe na wewe," alisema.

"Na mimi nini?"

"Nazunguka maofisini nakanyagwa kama mkeka, kumbe sare za kutuhamisha zinashonwa hapa! Na kwa cherehani ile! Cherehani ya shule ndiyo unayoizikia shule!"

Mteja mmoja aliyekuwa akijaribu sketi nyuma ya pazia akatoa kichwa. Fundi alikuwa na maneno tayari mdomoni, ya kumweleza kwamba kitambaa kimeingia si kwa mkono wake, kwamba hajakata hata kipande. Lakini yule mtu hakuwa ameuliza. Alikuja na hukumu mkononi.

"Umemaliza?" alimuuliza.

"Nimemaliza."

"Basi acha shati uende. Utapigiwa likiwa tayari."

Alipotoka, Shangazi alisema polepole, "Ungemwambia ni mimi niliyepokea."

"Angeniuliza ningemwambia."

Simu ililia jioni ile, hakupokea. Ikalia kesho yake. Akaitazama mpaka ikanyamaza. Kilichomuuma si maneno tu. Akiyarudisha marobota sasa, Pembetatu atadhani amerudisha kwa kumwogopa yeye. Akiyashona, atakuwa ameshona kwa kumkomoa. Pande zote mbili mtu yule amekaa katikati, na yeye Fundi hana pa kusimama kwa miguu yake mwenyewe.

Likizo ilipokaribia kwisha, mama mmoja alimleta binti yake kupimwa. "Mpime pana kidogo, bado anakua," mama alisema. Binti aliinua mikono. Alikuwa mrefu, sweta lake la bluu limefupika mikononi, lakini viwiko vyake vilikuwa vimetiwa viraka vizuri kwa uzi wa bluu uleule. Fundi alipozungusha tepu kifuani aliuhisi moyo wa mtoto ukidunda.

"Unaogopa tepu yangu?"

"Hapana, shikamoo... hapana, Fundi." Binti alijaribu kutabasamu. "Nipime tu. Mama anataka nipimwe. Ila kule chini sitaenda."

"Usianze," mama alisema, lakini sauti haikuwa na ukali.

"Bibi yetu hatembei," binti alimwambia Fundi. "Mama yuko kazini tangu alfajiri. Shule yetu iko karibu, saa ya mapumziko nakimbia nampa bibi dawa, narudi. Mwalimu Pembetatu huniachia mlango wazi, hajawahi kuniuliza kitu. Kule chini ni mbali. Nani atampa dawa?"

Mama aligeukia ukutani akajifanya anatazama lile sweta lililotundikwa.

Fundi aliikunja tepu taratibu, akaiweka juu ya meza. "Sikupimi," alisema. "Nendeni nyumbani. Na hilo sweta la bluu lifue, utalivaa Jumatatu."

Wakabaki yeye na Shangazi. Shangazi aliyatazama marobota, akamtazama mpwa wake, akavua miwani.

"Mimi nabeba hili dogo," alisema. "Mgongo wangu hautaki makubwa."

Kwanza Fundi alikwenda duka la pili, kwa mzee aliyeitwa Kola, ambaye walikuwa hawasalimiani tangu wagombanie wateja.

"Wewe," Mzee Kola alisema bila kuinuka, "umepotea njia?"

"Nimekuja kukuomba urudishe kitambaa cha wilaya."

"Ili ushone peke yako?"

"Langu liko mlangoni, tayari kubebwa. Tokeza kichwa uone."

Mzee Kola alitokeza kichwa. Akamwona Shangazi na robota lake begani. Akarudi ndani, akazima pasi. "Mke wangu alisoma kule juu," alisema. "Nikishona hizi sitapewa chakula. Lakini usidhani tumepatana."

"Sijadhani."

Walipofika ofisi ya elimu walikuwa mafundi wa mtaa mzima, marobota vichwani na mabegani, wamefuatana katikati ya barabara. Madereva walipiga honi, wauza madaftari wakaacha meza zao. Ukumbini Afisa Elimu alikuwa na kikao na wazazi. Pembetatu amesimama katikati, tai imelegea, sauti imekauka.

"Mwalimu, kaa," Afisa alikuwa akisema. "Jambo limekwisha. Sare ziko kwa mafundi."

Mlango ukafunguliwa. Fundi alitembea mpaka mbele, gauni lake la zambarau likiwa na vumbi la kijani begani, akaliweka robota juu ya meza ya Afisa, juu ya karatasi zake na kikombe cha chai. Nyuma yake marobota yakaanza kushuka, puu, puu, puu.

"Sare ziko hapa," alisema. "Hazijakatwa."

"Mama, unajua hii ni kazi ya serikali?"

"Najua. Ndiyo maana nimeileta kwa serikali."

Ukumbi ukaguna. Afisa alisimama. "Kitambaa kimekukosea nini?"

"Hakijanikosea. Ni kitambaa kizuri, na watoto wa kule chini wanapendeza nacho. Lakini shule yetu inapumua, Mheshimiwa. Kuna watoto wanaoingia asubuhi, kuna mitihani mlangoni, kuna mlango unaoachwa wazi ili mtoto akampe bibi yake dawa. Mimi ni fundi nguo. Sishoni sanda ya mtu anayepumua."

"Nitatafuta mafundi wengine!"

"Wengine ndio sisi," alisema Mzee Kola kutoka nyuma, akajipangusa jasho.

"Shule zinafunguliwa Jumatatu!"

"Na agizo lako liko langoni," mama wa yule binti alisema akiinuka. "Bila kijani hakuna anayevuka. Sisi ni watu watiifu, Mheshimiwa. Hatutavuka."

Kicheko kilianza kwenye viti vya nyuma kikaja mbele kama maji. Wazazi wakasimama mmoja mmoja, na hakuna aliyewaambia wasimame. Afisa alitazama marobota, akatafuta kikombe chake na hakukiona. Mwishowe, kwa sauti ndogo, akasema kwamba wanafunzi watabaki walipo mpaka mitihani iishe, na mwakani wataitana tena.

Pembetatu alimkimbilia Fundi nje ya ukumbi. "Fundi! Subiri, nisikilize..."

"Jumatatu una vipindi, Mwalimu. Nenda kaandae."

"Nilikukosea."

"Ulinikosea," alisema Fundi, akaendelea kutembea. "Na hii sikuifanya kwa ajili yako. Lijue hilo kwanza."

Simu ililia siku iliyofuata. Aliiacha ilie mara mbili, akapokea.

"Shati langu liko tayari?" sauti ilikuwa ya unyonge.

"Lilikuwa tayari tangu siku ile. Uzi uliokatwa kwa wembe haunichukui muda."

"Ulijua?"

"Pembetatu, mimi ni fundi."

"Tangu lini?"

"Tangu shati la kwanza. Ulidhani nilikuwa nangoja koti?"

Alikuja jioni ya siku shule zilipofunguliwa. Shati jeupe limenyooka, viatu vinang'aa, mikono mitupu. Shangazi alimwona kutoka mbali, akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli kwa Mzee Kola, akaondoka na kigoda chake.

"Leo nini kimefumuka?" Fundi aliuliza, mguu bado kwenye kanyagio la cherehani.

"Hakuna. Nimejikagua mwili mzima."

"Basi umefuata nini?"

"Kwanza, kukuuliza. Siku ile sikukuuliza, nilikuhukumu. Kuanzia leo nitauliza kwanza. Nikisahau, nikumbushe hata mbele ya wanafunzi." Akainua mikono kama anayepimwa. "Pili, nimekuja kupimwa suti."

Fundi alisimama, akachukua tepu. Alimpima mabega, mara hii si kwa kujifanya. "Rangi gani?"

"Bluu."

"Ya kuvaa wapi?"

"Kwenu, mbele ya Shangazi na wazee wako. Halafu siku ya harusi."

Tepu ilisimama mgongoni. Pembetatu hakuweza kumwona usoni, na Fundi alishukuru kwa hilo, maana macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Unaihitaji lini?"

"Siku utakayosema wewe."

Akampima mkono, akampima kiuno, bila haraka. Ukutani juu yao sweta la kijani lilikuwa pale pale, na kifungo chake kilichopinda.

"Na mwakani Afisa akirudi na marobota yake?" aliuliza.

Pembetatu aligeuka ndani ya tepu.

"Mwakani," alisema, "atatukuta wawili."

"Geuka," Fundi alimwambia. "Sijamaliza kukupima."