Uso wa Mpiga Alama

Saa tisa kamili alasiri, siku ya Alhamisi, Mkurugenzi wa Nyumba ya Kumbukumbu alivuta kamba, shuka likaanguka, na wageni sitini wakapiga makofi. Makofi yenyewe hayakufika mbali. Wa mbele waliacha kwanza, na wa nyuma, waliokuwa bado wanapiga kwa sababu hawaoni, wakajiona wajinga wakaacha nao.

Ukutani palichorwa mtaa wa zamani, ule uliovunjwa wote ili barabara kuu ipite. Nyumba zilikuwepo, kisima kilikuwepo, na watoto walikuwa juu ya mapaa. Katikati alisimama mwanamume mwenye kopo na brashi, yule mpiga alama aliyepita mlango kwa mlango akiandika X kwenye kila nyumba ya kuvunjwa. Kopo lilionekana, brashi ilionekana, na shati lilionekana hadi kwenye kola. Juu ya kola palikuwa peupe kama ganda la yai.

Mchoraji alisogea akagusa. Vidole vikatoka na unga kidogo.

"Chokaa," alisema.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, alisimama mfagizi wa nyumba ile. Walimwita Taratibu, maana hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha deki. Wenzake wote walikuwa wanautazama ukuta. Yeye alimtazama mjomba wake, mlinzi, ambaye kwa miaka kumi na tisa ufunguo wa ukumbi ule ulikuwa kiunoni mwake, hata watu wakamwita Kufuli. Mjomba ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Wakati ule uso wake ulikuwa umepauka kuliko ule wa ukutani.

Inspekta alifika saa kumi na robo. Aliweka meza katikati ya ukumbi na kuwahoji mmoja mmoja. Taratibu aliendelea kupiga deki pembeni na hakuna aliyemfukuza. Mfagizi ni kama kiti. Watu husema mbele yake hata yale wasiyowaambia wake zao.

"Mara ya mwisho uliuona mchoro saa ngapi?" Inspekta alimwuliza mchoraji.

"Saa saba na dakika kumi. Nimeandika daftarini. Nilifunua shuka, nikatazama, nikafunika, nikatoka. Kufuli akafunga."

"Uso ulikuwepo?"

"Afande, nimeuchora mwenyewe. Hata kope zilikuwepo. Ulikuwa unang'aa kidogo, kama mtu aliyetoka kuoga, nikasema rangi yangu ya mwisho bado mbichi."

"Ni rangi gani?"

"Za udongo. Zinakunywa maji kama ng'ombe." Alisita. "Na kitu kingine. Ile picha ya zamani niliyoitazama nikimchora imetoka mkobani mwangu. Sijui imekwenda wapi."

Mkurugenzi alipoitwa alikaa akiwa amekunja mikono.

"Nimeambiwa uligombana na mchoraji juu ya uso huu."

"Nilimwomba aupunguze. Mji huu una watu, na watu wana baba zao. Leo unamweka mtu ukutani, kesho mjukuu wake anakuja kukuuliza. Lakini saa saba mpaka saa tisa nilikuwa nakula na wageni kumi na wawili. Waulize. Sikuinuka hata kunawa."

Kisha akaja Bi Mkubwa, akitembelea fimbo. Huyu ndiye roho ya nyumba ile. Kila Jumamosi aliwatembeza wageni kwenye mitaa iliyofutwa, hapa palikuwa na kisima, hapa na shule, na watu wazima waliokaa mji ule maisha yao yote waliondoka wakijifuta macho. Taratibu alikuwa ameisikia hadithi yake mara mia. Mpiga alama aliletwa kutoka mbali, hana kwao. Alipita asubuhi, watu wakamcheka, wakasema huyu bwana ametuoshea milango bure. Mchana waliporudi kutoka sokoni, kila mlango una X. Hapo wageni hushusha pumzi.

"Shikamoo, Bi Mkubwa," alisema Inspekta. "Ulikuwa wapi leo?"

"Marahaba, mwanangu. Saa tano wenzangu walitoka kufanya matembezi ya majaribio. Mimi miguu hii, unaiona. Nikabaki humu najisomea maneno yangu mpaka saa sita na nusu, nikatoka nikakaa kibarazani. Mchoraji alipoingia saa saba, uso si ulikuwepo?"

"Ulikuwepo."

"Basi mimi kizee nina kosa gani zaidi ya kuzeeka?"

Inspekta alicheka. Hata Mkurugenzi alicheka.

Wa mwisho alikuwa Kufuli.

"Kuanzia saa saba na dakika kumi mpaka saa tisa, ufunguo alikuwa nao nani?"

"Mimi."

"Uliwahi kumpa mtu?"

"Hapana."

"Kuna mlango mwingine?"

"Hakuna."

"Mama yako aliishi mtaa huu?"

"Aliishi."

"Nyumba yake ilipigwa alama?"

"Ilikuwa ya kwanza."

Inspekta aliweka kalamu chini. "Mzee wangu, nisaidie basi. Nani mwingine?"

Kufuli aliinua macho yakapita juu ya bega la Inspekta, yakaenda moja kwa moja kwa mpwa wake, yakarudi sakafuni. "Sina la kusema," alijibu. Saa kumi na moja na nusu wakamchukua.

Wiki moja kabla, wakila nyumbani, Taratibu alikuwa amemwambia, "Mjomba, yule mtu wa ukutani kila nikipiga deki ananikodolea. Siku moja nitamfuta na tambara, atafute mji mwingine wa kuharibu." Kufuli alicheka mpaka akapaliwa. Baadaye akasema, "Bibi yako angekupa mkono."

Watu walipoondoka, Taratibu alipiga magoti mbele ya ukuta. Chini ya mpiga alama palikuwa na matone matatu makavu, meupe. Alilamba kidole, akagusa tone, akaonja. Lilikuwa na chumvi.

Alikaa pale pale sakafuni akifikiri. Aliishia darasa la saba, na vitabu alivyovijua vilikuwa vya kupangusa vumbi, lakini chokaa alikuwa ameipaka. Chokaa nyepesi ikiwa mbichi haionekani. Ni kama maji tu ukutani. Weupe huja inapokauka, na kivulini hukawia. Basi uso ulikuwa unang'aa saa saba kwa sababu ulikuwa umeshapakwa, na mchoraji aliuona kupitia chokaa yenyewe, akaandika daftarini kwamba uko salama. Wote walikuwa wanahesabu saa mbili zisizohusika.

Na chumvi je? Chumvi hutiwa ili chokaa ishike, isitoke mvua ikinyesha. Hilo aliambiwa na mtu mmoja tu, wakinywa chai jikoni mwa ofisi. Alitamani awe amekosea.

Ijumaa saa moja asubuhi alipaka chokaa nyepesi ukuta wa nyuma ya nyumba yao, upande wa jua. Ilipofika saa mbili kasoro robo, ukuta ulikuwa mweupe. Alijifunga kanga yake vizuri akaenda kazini.

Saa nne Inspekta alikuwa ofisini kwa Mkurugenzi akitaka sahihi. Bi Mkubwa alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Taratibu aliingia na kopo na brashi bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaenda ukutani penye jua akachora mikato miwili.

"Sasa huyu naye kapatwa na nini?" aliuliza Mkurugenzi.

"Nimeandika X, bosi."

"Sioni kitu."

"Hata mchoraji hakuona. Naomba mkae kidogo."

"Binti, nina kazi," alisema Inspekta.

"Najua, afande. Kazi yako iko hapo ukutani. Wakati tunangoja uniulize maswali, mimi si wa kukimbia, hata jina langu linasema."

Inspekta alitabasamu kidogo, akakaa. Aliuliza amejuaje, akaambiwa habari za tone la chumvi sakafuni na za uso uliong'aa. Aliuliza kuhusu kung'aa, akafungua daftari lake akalikuta neno la mchoraji, akapiga mstari chini yake. Mkurugenzi alisema haya ni mambo ya mafundi na yeye hana muda. Lakini hakuinuka. Dakika ishirini zikapita. Mkato wa kwanza ukaanza kuonekana, hafifu kama mvuke kwenye kioo, kisha wa pili. Kufikia saa nne na dakika thelathini na tano X ilikuwa imesimama ukutani, nyeupe, kubwa, na hakuna aliyekuwa ameigusa.

"Ndivyo milango ilivyofanya," alisema Taratibu. "Asubuhi maji, mchana alama. Kwa hiyo uso ulipakwa kabla ya saa saba. Na kabla ya saa saba humo ukumbini..." Hakumaliza. Alikuwa akimwamkia Bi Mkubwa kila siku kwa miaka miwili, na ulimi ulikataa.

Bi Mkubwa alikuwa anaitazama X.

"Hukutia chumvi," alisema. "Hiyo itatoka ukiipangusa."

Inspekta akamgeukia.

"Alinifundisha baba yangu," aliendelea, kwa sauti ile ile ya Jumamosi. "Nilikuwa namshikia kopo. Nina miaka minane. Watu wananicheka na mimi nacheka, nadhani ni mchezo. Walimwahidi nyumba yetu haitapigwa, na haikupigwa. Tukahamia upande mwingine wa mji, akaniambia tukiulizwa tuseme tumetoka mbali."

"Lakini wewe ndiye uliyetusimulia habari za huyu mtu," Mkurugenzi alisema. "Hata tukaanzisha matembezi."

"Ningefanya nini? Niliwarudishia kila kitu. Kisima, shule, majina ya watoto. Kila kitu isipokuwa kimoja. Sasa mchoraji wako kakuta picha ndogo kama kidole, kaikuza ikajaa ukuta. Sura ni hii hii yangu. Nimemzaa au kanizaa, hamtajua. Wageni sitini wangemtazama yeye, kisha wangenigeukia nikiwasimulia."

"Na picha?" aliuliza Inspekta.

"Mkoba aliuacha humo ukumbini. Nimeichoma."

"Ulijua mlinzi atakamatwa?"

"Nilidhani mtasema ni unyevu, ukuta wa zamani. Alipokamatwa nikanyamaza. Nimezoea."

Taratibu aliweka kopo chini. "Basi afande, Mjomba anatoka leo."

Inspekta alifungua jalada akatoa karatasi.

"Mjomba wako amekiri leo saa mbili asubuhi. Hakupigwa, hakulazimishwa. Ameomba kalamu mwenyewe." Akasoma: "Nilichukua ndoo na brashi ya mfagizi, nikapaka uso kwa hasira ya mama yangu, kisha nikaiosha ndoo. Mfagizi hajui lolote."

"Ndoo niliitumia mimi," alisema Bi Mkubwa. "Niliirudisha na chokaa yake chini. Mgongo haukuniruhusu kuinama kuiosha."

Taratibu akaelewa, na alitamani asielewe. Mjomba alikuwa ameiona ndoo kabla ya polisi kufika. Akakumbuka maneno ya mpwa wake mezani, ya kumfuta mtu yule na tambara. Akaiosha, akangoja aulizwe, na alipoulizwa akamtazama yeye.

"Maelezo ya Bi Mkubwa nitayaandika," Inspekta alisema. "Lakini jalada la mzee limeshakwenda. Jumatatu hakimu atamwuliza yeye mwenyewe. Akikana, tutazungumza. Akisema ni mimi, na amekiri kwa hiari, na ndoo ameosha kweli, hapo na mimi sina uwezo. Nenda ukaongee naye. Anakusikiliza."

Mkurugenzi aliuliza kama habari hizi lazima zifike kwa wageni.

Saa nane mchana Taratibu alikaa kwenye benchi la kituo cha polisi, Kufuli upande wa pili wa meza, askari kati yao akichezea simu. Bila mkanda na funguo zake mjomba alionekana mfupi. Taratibu alimweleza yote, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka: kung'aa, chumvi, X ya ofisini, baba wa Bi Mkubwa. Kufuli alisikiliza akiitikia kwa kichwa kila mahali panapostahili.

"Vizuri," alisema mpwa wake alipomaliza. "Vimeshikana vizuri. Hivyo hivyo utasema, usiongeze."

"Mjomba, siyo cha kusema. Ndivyo ilivyokuwa."

"Naam."

"Bi Mkubwa amekubali mwenyewe, mbele ya Inspekta."

"Yule mama ana moyo." Alitikisa kichwa kwa mshangao. "Umemwombaje mpaka akakubali? Mtu mzima kama yule kujitwisha mzigo wa watu. Lakini hatuwezi kumwacha, mwanangu. Miguu ile hata wiki moja humu hatamaliza. Mimi nimeshazoea kulala macho."

"Sikumwomba. Ni yeye."

"Sawa."

"Mjomba, nitazame. Sikuugusa ule uso."

Alimtazama. Ulikuwa mtazamo ule ule wa zamani, wa mtu anayemsikiliza mtoto akiapa kwamba hajalamba sukari huku midomo inanata. Taratibu alitafuta neno jingine, lililo zito zaidi, akakuta yote ameshayatumia. Subira yake yote, macho yake yote, vilikuwa vimefika kwenye meza hii na havikuweza kuivuka.

"Jumatatu ukiulizwa ukasema ni wewe, watakufunga," alisema.

"Wataniuliza, nitasema. Wewe usije. Mahakamani wanaangalia nyuso."

Askari aliweka simu mfukoni akasimama. Kufuli naye akasimama. Aliinamia meza, akashusha sauti ili askari asisikie, na kwa mara ya kwanza tangu jana alikuwa anatabasamu, tabasamu la fahari kabisa.

"Ningekuwa na umri wako, mwanangu," alisema, "ningemfuta mwili mzima."