Mapovu Kumi na Manane kwenye Kioo

Kila asubuhi, baada ya sala na kabla ya shule, Kanyere alifagia mbele ya duka la mama yake pale Walikale. Mama Émilienne, mzaliwa wa Butembo, aliuza vitenge, na siku za soko alivipakia garini na kuvipeleka Itebero. Jua la njiani lilivipausha vile vilivyokaa karibu na vioo. Ndiyo sababu, Jumamosi, alimwita Dada Léontine, msichana aliyejifunzia Goma kazi ya kubandika fime, ile plastiki nyeusi ya vioo vya gari.

Jumatatu, Kanyere alipomaliza kufagia, alisogeza pua karibu na kioo cha nyuma. Chini ya fime palikuwa na mapovu madogo, mengine kama punje ya mtama, mengine kama kucha ya mtoto mchanga. Léontine alikuwa amewaambia mapema: “Mama, siku saba vioo visishushwe. Na mapovu, muntu asiyaguse. Ni maji ya kubandikia. Itatoka yenyewe, polepole. Jumamosi nitarudi kuangalia.”

Yenyewe? Kanyere alishangaa. Upande huu kioo, upande ule plastiki. Maji yatapita wapi?

Akachukua daftari la hesabu, akachora kioo kwenye ukurasa wa mwisho na kuweka kila povu mahali pake. Yalikuwa kumi na manane. Jumanne alichora tena, yakawa kumi na matano, naye akafurahi hata akachelewa shule. Lakini Jumatano mvua ilinyesha kutwa nzima, na Alhamisi yalikuwa bado kumi na matano.

Plamedi, rafiki yake wa nyumba ya pili, alipita na begi lake mgongoni.

“Ee Kanyere! Gari ya mama yako iko na upele!” alisema akicheka. “Muipeleke hopitali.”

“Nyamaza. Ni maji tu.”

“Nani aliona hayo maji? Si wewe njo daktari wa funza? Toboa basi, tuone.”

Ilikuwa kweli. Watoto wa mtaa mzima walimletea Kanyere miguu yao, naye aliwatoa funza kwa pini bila kuwaumiza. Funza haachwi akae; ukimwacha, anakua. Kanyere aliona na povu ni hivyo hivyo.

Alipotoka shule alifungua mlango wa gari, akaingia na pini yake. Alitoboa povu la kwanza. Tone dogo likatoka, likateremka kwenye plastiki. Kumbe kweli ni maji! La pili lilikuwa gumu kidogo. Akaizungusha pini kama afanyavyo kwenye kidole cha mguu, na plastiki ikachanika. Alijaribu kuilainisha kwa kucha, ikachanika zaidi, sasa urefu wa kidole kizima. Kanyere alitoka na kufunga mlango taratibu, kana kwamba ndani amelala mtu.

Mama Émilienne aliuona mchaniko Ijumaa asubuhi.

“Tazama! Léontine ameniwekea plastiki mubovu! Na Padri anataka kumpa gari ya parokia aibandike. Naenda kumwambia atafute muntu mwingine.”

Akaenda kweli. Kanyere alibaki na kikombe cha uji mkononi. Usiku huo, katika sala ya familia, walipofika “utusamehe makosa yetu,” aliyafunika maneno hayo kwa kikohozi. Mama alidhani ni mafua.

Jumamosi Dada Léontine alikuja kama alivyoahidi. Hakutabasamu.

“Mama, Padri amesema nisije tena. Ile gari njo ingenionyesha kwa watu. Sasa nani ataniita?” Akainama, akapitisha kidole juu ya mchaniko. “Fime haichaniki hivi yenyewe.”

“Unataka kusema ni mimi niliichana?” Mama alipandisha sauti.

Kanyere alikuwa amesimama nyuma yao. Angeweza kuingia dukani. Badala yake aliomba kimya kimya apewe nguvu, akasogea.

“Ni mimi, Dada. Nilitoboa kwa pini ya funza. Nilitaka kujua ndani kuna nini.” Akatoa daftari, machozi yakimdondokea. “Nilikuwa ninahesabu. Leo yamebaki manne.”

Léontine alipokea daftari, akaifuata ile michoro kwa kidole, siku kwa siku.

“Jumatano yalibaki yale yale,” alisema. “Unajua kwa nini?”

“Hapana, Dada.”

“Plastiki hii iko na vitundu vidogo mno, jicho halivioni. Jua likipasha kioo, maji yanakuwa mvuke, yanapita humo. Siku ya mvua yanasubiri. Sasa bonyeza haya manne, bila kucha.”

Kanyere alibonyeza. Mawili yalisogea chini ya kidole: maji, ya kuachwa. La tatu lilijaa hewa. Léontine alikanda kioo kwa nje kwa kitambaa cha maji moto, kisha akafunga kadi ya plastiki kwa kitambaa laini na kulisukuma povu hadi ukingoni, likaisha. La nne lilikuwa gumu kama mchanga.

“Hili ni vumbi. Halitoki. Hilo ni kosa langu, sikusafisha vizuri,” Léontine alisema wazi. “Nitabandika kioo hiki upya. Wewe utakiosha, na nitakagua.”

Kanyere alikiosha mara tatu. Fime mpya ilipokaa, Mama alijifunga kitenge chake cha kanisani.

“Léontine, nisamehe. Nilikuchafulia jina bila kuuliza hata swali moja. Twende kwa Padri sote watatu, nikaseme mwenyewe.”

Padri aliwasikiliza, akacheka kidogo kwa habari ya funza, kisha akamwambia Léontine alete vifaa vyake Jumatatu.

Njiani kurudi, Mama alimshika Kanyere mkono.

“Mwanangu, kutaka kujua si dhambi, Mungu njo alikupa hicho kichwa. Lakini ukijaribu kitu na kikaharibika, sema siku ile ile. Kwa siku mbili za kunyamaza kwako, na ulimi wangu wa haraka, Léontine alikuwa amepoteza kazi.”