Mke Mwenza Ndani ya Pikapu

Sindano alikuwa bado bibi harusi mbichi alipomsikia mumewe, nje ya dirisha la chumba chao, akimbembeleza mwanamke.

Alfajiri ilikuwa haijapambazuka vizuri. Upande wa mume kitandani ulikuwa umeshapoa. "Amka, bibie," sauti ya mumewe ilisema, laini kuliko hata siku ya harusi. "Amka, mboni ya jicho langu. Usinifanyie hivi leo. Unajua sina mwingine ila wewe."

Damu ilimchemka. Watu hawakumpa jina la Sindano kwa ajili ya cherehani yake peke yake. Ulimi wake nao ulikuwa unachoma. Alifungua dirisha kwa kishindo, tayari kumwaga maneno ambayo mtaa mzima ungeyazungumza mpaka mwaka upinduke. Akamkuta mumewe peke yake, ameketi nyuma ya usukani wa pikapu yake kuukuu, anaipapasa dashibodi kama mtu anayemtuliza mtoto mwenye homa.

Sindano alicheka hadi akashika dirisha asianguke.

"Usicheke, mke wangu," mume alisema kwa aibu. "Hili gari bila kubembelezwa haliwaki. Tangu nilinunue ni hivihivi."

Mume huyu aliitwa Mikate, maana ndiyo kazi yake. Kila alfajiri alichukua mikate ya moto kiwandani na kuisambaza madukani kabla watu hawajaamka kunywa chai. Miaka yote ya ujana wake aliishi peke yake na pikapu hiyo, na mwanamume anayeishi peke yake huzungumza na chochote kilicho karibu. Alivuta choki ya injini, akakanyaga mafuta, akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Akainama tena, akanong'ona yale maneno yake.

Hapo ndipo Sindano aliposikia kitu ambacho baadaye alitamani asingekisikia. Kabla injini haijawaka, mtu aliguna: "Mmh." Mguno mfupi, wa mwanamke aliyekuwa amenuna na sasa amekubali kusamehe. Kisha pikapu ikawaka, ikaondoka na moshi wake.

Alijiambia ni usingizi. Usingizi husingiziwa mengi.

Lakini Jumapili walipotaka kwenda kumsalimia mama mkwe, Sindano akiwa amevaa gauni alilojishonea mwenyewe, pikapu ilikataa kabisa. Haikukohoa wala kulalamika. Mikate alizungusha ufunguo mpaka kiganja kikauma. Sindano alipochoka akashuka kununua maji dukani, na kabla hajavuka barabara akaisikia inanguruma. Alirudi mbio, akapanda, akafunga mlango. Ikazima.

"Linakuonea wivu," Mikate alisema akicheka.

"Mwambie mimi ndiye nina cheti cha ndoa," Sindano alijibu, naye akacheka. Walikwenda kwa miguu. Njiani aligundua kwamba gauni lake jipya linanuka petroli kwenye ubavu wa kushoto, upande uliokuwa umeelekea mlangoni.

Pikapu ikapelekwa kwa Spana, makanika aliyekua na Mikate tangu utotoni. Spana alipoambiwa habari ya kubembeleza, alitikisa kichwa. "Ndiyo maana linaringa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji." Akaingia kazini. Alisafisha vichwa vya betri vilivyojaa ukungu wa kijani. Alichomoa plagi, zilikuwa nyeusi tii, akatia mpya. Alifungua kabureta, akaiosha, akairudisha. Akakaza waya wa betri unaoshika kwenye bodi. Kisha akazungusha ufunguo, na pikapu ikawaka mara moja.

"Haya, shemeji, panda," alisema, anajifuta mikono kwa kitambaa.

Sindano akapanda upande wa abiria. Injini ikafa.

Spana si mtu wa kuogopa haraka. Alisema uzito wa abiria huenda unabana waya uliopita chini ya kiti. Akamshusha Sindano, akaweka gunia la mchanga pale kitini. Pikapu ikawaka. Akatoa gunia, akaketi yeye mwenyewe, akarukaruka makusudi huku Mikate akizungusha ufunguo. Ikawaka. Akapapasa chini ya kiti chote, waya hakuna hata mmoja. Akamwambia Sindano apande tena, na mara hii Sindano alipoketi alishtuka, akainuka nusu. Kiti hakikuwa na joto la mwili wa Spana. Kilikuwa cha moto, chenye unyevunyevu, na kulikuwa na harufu ya petroli iliyochanganyika na marashi, marashi mengi, kama ya mtu anayejipamba na hataki kujua kiasi.

Mikate alizungusha ufunguo. Kimya.

"Shemeji," Spana alisema polepole, anaangalia kitu nyuma ya bega la Sindano na si uso wake. "Shuka. Shuka taratibu, usigeuke."

Alishuka. Pikapu ikawaka yenyewe, bila mkono wa mtu kwenye ufunguo.

"Uliona nini?" Sindano aliuliza walipofika mbali.

"Sikuona vizuri," Spana alisema, na ilikuwa dhahiri anadanganya. "Nina shangazi yangu anayejua mambo haya. Mwende kwake."

"Mambo gani?" Mikate alifoka. "Gari kuukuu tu! Unaona mashetani kwenye kabureta?"

Hakwenda. Na Sindano, badala ya kuogopa kama alivyostahili kuogopa, alishikwa na wivu. Wivu wa kweli, unaokaa kooni wakati wa kula. Yeye mumewe alikuwa akimwita "mke wangu" au "wewe" tu. Mboni ya jicho alikuwa mwingine. Kila alfajiri Sindano aliamka kabla ya mumewe, akasimama dirishani kusikiliza.

"Leo usiibembeleze," alimwamuru. "Washa gari kama wanaume wengine."

Mikate alijaribu. Pikapu haikuwaka, mikate ikalala kiwandani, wenye maduka wakaanza kumtafuta msambazaji mwingine. Kwa hiyo alfajiri iliyofuata alinong'ona kwa kuficha, mdomo karibu na usukani, akimwibia mkewe kama wezi wa ndoa wanavyoiba. Sindano alimsikia. Akasikia na jibu, sasa si mguno tena bali kicheko cha chini, cha mtu anayejua anasikilizwa na nani.

Mtu wa mikate hulala mchana. Alasiri moja ya joto, Sindano alikuwa sebuleni anashona, Mikate amelala chumbani, kati yao pazia tu. Alisikia mumewe akizungumza usingizini. Akasimamisha cherehani. Alisikia chaga za kitanda zikilia upande wa ukutani, upande wake yeye, zikilia kama zinavyolia mtu anapojigeuza, na harufu ya petroli ikapita chini ya pazia, ikiwa na yale marashi, ikaja mpaka kwenye kitambaa alichokishika, na Sindano akasimama akisema moyoni ni kopo la mafuta limemwagika, ni nguo za kazi, ni joto, huku miguu yake ikimpeleka pale ambapo akili yake haikutaka kwenda, mpaka akafika kwenye pazia, akalivuta, akamwona mumewe amelala ubavu, uso ameuelekeza ukutani, anatabasamu, na mbele ya uso wake ule mto mwingine, mto wa Sindano, ulikuwa na shimo katikati, shimo la kichwa, na mbele ya macho yake shimo lile lilianza kujaa polepole kama mto unavyojaa mtu anapoinua kichwa.

Kisha pumzi ya moto ikamgusa shingoni, kwa nyuma.

"Mimi nilitangulia," sauti ilisema.

Sindano hakupiga kelele. Alimvuta mumewe mguu mpaka akaanguka sakafuni, akamburuta mpaka barabarani akiwa na bukta, majirani wakitazama. "Twende kwa huyo shangazi," alisema. "Twende sasa hivi, la sivyo hutaniona tena."

Shangazi yake Spana alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani minene, aliyewapokea akiwa anafua. Hakuacha kufua. Alimsikiliza Sindano mpaka mwisho, kisha akamgeukia mume.

"Ulikuwa unaliambia nini hilo gari?"

Mikate alitazama chini. Akasema yote, tangu bibie mpaka mboni ya jicho, mpaka sina mwingine ila wewe.

"Kwa miaka mingapi?"

"Tangu nilinunue."

Shangazi alikamua shati, akalitungika. "Mwanangu, maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Gari ni chuma, halina masikio. Lakini gari kuukuu linalolala nje usiku, tupu, lina kiza ndani, hilo ni nyumba. Kuna aliyehamia. Kila alfajiri akasikia mwanamume akimwambia hana mwingine ila yeye. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Alikuwa akimwuliza Mikate, lakini Sindano ndiye aliyejibu. "Ningekubali."

"Basi naye alikubali. Mumeo aliposa bila kujua, na akaozwa bila kujua. Wewe, binti yangu, ndiye mke mdogo."

Neno hilo lilimchoma Sindano kuliko yote.

"Ulimposa kwa mdomo, utamwacha kwa mdomo," shangazi alimwambia Mikate. "Mbele yake, mbele ya mkeo, jua likiwaka. Na useme kwa moyo. Hawa hawadanganyiki."

Walikusanyika kesho yake mchana nyuma ya gereji ya Spana. Shangazi alizunguka pikapu akisoma dua kwa sauti ya chini, akinyunyiza maji kwenye magurudumu. Spana alisimama mbali, spana mkononi, kana kwamba ingemsaidia. Mikate aliambiwa aweke kiganja kwenye boneti na aseme.

Aliweka kiganja. Akakipapasa chuma kama alivyozoea.

"Sema, mume wangu," Sindano alinong'ona.

Chuma chini ya kiganja chake kilianza kutetemeka, ingawa ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Spana. Taa za mbele ziliwaka hafifu mchana ule, zikafifia, zikawaka. Ndipo Sindano alipoona machozi yanamtoka mumewe. Hakuwahi kuyaona machozi yake kabla ya hapo.

"Unalia?" alisema, na hofu yote ikamtoka, ukabaki wivu mtupu. "Unamlilia?"

"Nimekuacha," Mikate alisema kwa kwikwi. "Nimekuacha. Nenda. Nina mke."

Injini ilinguruma hadi vioo vikatetemeka, honi ikalia bila kukoma, kilio kirefu kilichofanya mbwa wa gereji wajifiche chini ya benchi, moshi mweusi ukawafunika wote wakakohoa. Kisha ghafla kimya. Mlango wa abiria ulifunguka, ukakaa wazi kidogo, ukafungwa taratibu, kama unavyofungwa na mtu mwenye adabu zake. Harufu ya marashi ikapita kati yao, ikaenda.

"Amekwenda," shangazi alisema, akakaa chini. Alikuwa amechoka sana.

Sindano alipanda. Spana akazungusha ufunguo, na pikapu ikawaka kama mpya. Sindano alipiga vigelegele mwenyewe.

Tangu siku hiyo pikapu haikusumbua. Iliwaka kwa yeyote, kwa baridi na kwa mvua, na wenye maduka wakarudi. Alfajiri Mikate alitoka, akazungusha ufunguo mara moja, akaenda. Hakunong'ona kitu. Nyumbani pia hakunong'ona kitu. Alikula nusu sahani, akashukuru, akalala na mgongo wake kwa mkewe. Sindano alimpikia anachokipenda, akamshonea shati, akajitia wanja. Siku moja akajikaza, akamkumbatia, akamwambia, "Na mimi niite mboni ya jicho." Mikate alimtazama kwa huruma, kama mtu anayeombwa kitu ambacho ameshakitoa kwa mwingine.

"Nitajaribu," alisema.

Jioni moja Sindano alikuwa barazani na cherehani yake alipomwona shangazi wa Spana anakuja kwa haraka, miwani mkononi, anahema.

"Mumeo yuko wapi?"

"Ndani, anaoga. Kuna nini, shangazi?"

"Alikuja kwangu leo." Mwanamke yule alimshika mkono. "Aliniuliza namna ya kumrudisha."

Sindano alisimama, mkasi bado mkononi.

"Nikamwambia haiwezekani. Nilimtoa garini, binti yangu, lakini moyoni mwa mumeo siwezi kumtoa, mpaka yeye mwenyewe atake. Nikamwambia aje kwako mzungumze. Akasema, 'Basi, kama yeye harudi, nitamfuata.'"

Sindano aliangusha mkasi. Alikimbia ndani akimwita. Bafuni maji yalikuwa yanatiririka, hapakuwa na mtu. Dirisha la chumba lilikuwa wazi, na nje aliisikia pikapu ikiwaka, mara moja tu, bila kukohoa.

Alitoka mbio, akaifikia ikiwa inaanza kusogea, akagonga kioo kwa viganja vyote viwili. Mikate alikuwa ndani, amevaa shati lile alilomshonea, nywele zimechanwa. Lakini hakuwa nyuma ya usukani. Alikuwa ameketi upande wa abiria, mikono mapajani, ametulia kama mgeni, anatazama kiti cha dereva kilichokuwa kitupu, na alikuwa akicheka.

Hakugeuka hata Sindano alipolia akiliita jina lake. Usukani ulikata kona wenyewe, vizuri kabisa, na pikapu ikaingia barabara kuu.