Mpira wa Karibu na Kifua

Soko la Nizwa, Omani, siku za kukaribia Idi halina adabu. Utakanyagwa, utasukumwa, na mbuzi wa mtu atatafuna ncha ya abaya yako. Rahila alijibanza kwenye duka la fundi wa ngozi, yule anayeshona mikanda ya majambia, akingoja msongamano upungue. Mara akaingia kijana mrefu, dishdasha yake, kanzu nyeupe ya Kiomani, imepigwa pasi ikanyooka, lakini kichwani kavaa kapelo nyekundu ya Kimarekani. Akaweka mbele ya fundi mpira mdogo uliofumuka mshono.

"Fundi, nishonee huu. Uzi uwe mwekundu."

Rahila hakuweza kujizuia. "Mpira huo au komamanga?"

"Wa besiboli, dada. Nimerudi nao kutoka masomoni Amerika. Huko ukifumuka wanatupa. Hapa nitaupata wapi mwengine?"

"Na wewe ukifumuka, tukushonee wapi?"

"Nipe namba yako ya simu, nikifumuka nitakuuliza."

Alimpa. Ndiyo mambo ya mwaka 2002, simu za mkononi zilikuwa bado tamu.

Kijana aliitwa Hamed, mhandisi wa maji. Babake alifariki mapema, naye akalelewa na kaka mkubwa wa babake, Ammi Marzouq, waliporudi kutoka Nairobi. Rahila, ambaye wazee wake walirudi kutoka Bujumbura, alikuwa akipima macho kwenye duka la miwani. Wakapendana kwa simu, kwa habibti na roho yangu, hadi sikio linaungua moto. Mwaka ukaisha, wa pili ukaingia, na posa haikuja. Ammi Marzouq alikuwa ameshatangaza mbele ya watu kwamba Hamed atamuoa binti yake, Hajar. Hamed hakukubali wala hakukataa. Alikuwa akimbusu mzee mkono na kunyamaza.

Kila Ijumaa baada ya Alasiri, Hamed aliwachezesha watu besiboli kwenye uwanja wa changarawe Birkat al Mauz, vijana dhidi ya wazee. Mpira ukipigwa ukavuka mfereji wa falaji bila kugusa chini, hiyo ni hom rani, na mpigaji anazunguka uwanja kwa raha zake. Vijana walikuwa wakifungwa vibaya. Wazee wale walishika magongo ya kriketi shuleni Nairobi, na Ammi Marzouq, dishdasha kaikunja magotini, aliipeleka mipira kwenye migomba mmoja baada ya mwengine. Wanawake walikaa ndani ya magari, vioo chini, kahawa mkononi, wakicheka. Ijumaa moja Rahila hakucheka. Alikuwa akitazama macho ya warushaji, kama alivyozoea dukani.

Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, Hamed akampigia.

"Sijui vijana wangu wana nini. Yule mrushaji wangu, Yazeed, akiwarushia wenziwe hawaugusi mpira. Akisimama mbele ya wazee, hom rani tupu. Nimemrekebisha vidole, nimebadilisha mipira. Labda upepo."

"Upepo gani, Hamed? Wanatazama chini."

"Umeona nini, bibi wa miwani?"

"Yazeed hamtazami ammi wako usoni, anamtazama miguu. Halafu anaurusha mpira mbali na mwili wa mzee, taratibu, kama anamkaribisha kahawa. Mzee anapata nafasi ya kunyoosha mikono. Hakuna anayethubutu kumrushia karibu na kifua akambana."

"Umrushie mzee wa watu kifuani? Wallah, aibu!"

"Basi ndiyo hiyo. Na nani kawafundisha?"

"Mie. Nimewafundisha kila kitu."

"Na hilo pia wamelipata kwako." Rahila akaiweka kando miwani ya mteja. "Watu wa Sur wamekuja tena kuniposa kwa ajili ya kijana wao, Firas. Baba anataka kuwajibu wiki hii. Nenda kaseme na ammi wako."

"Kanilea, Rahila. Kanisomesha. Nitamwambiaje?"

"Kwa mdomo."

"Nipe muda, roho yangu."

"Roho yako inakwenda Sur," akasema, akakata na kuizima simu.

Jumatano, baada ya chakula, baba yake, Mzee Harub, alimwita. Mama alikuwepo, na bibi na tasbihi yake.

"Mwanangu, Firas kijana mzuri, na babake rafiki yangu tangu Bujumbura. Wasemaje?"

Jibu alikuwa nalo. Alilifanyia mazoezi njia nzima kutoka dukani. Lakini msichana aliyelelewa vyema, akiulizwa habari ya mume, huinamisha macho, na kimya chake huhesabiwa ndiyo. Mama aliolewa hivyo, na bibi vilevile. Rahila akainamisha macho kwenye zulia, akangoja sauti yake itoke. Haikutoka.

"Alhamdulillah," baba akashusha pumzi, na bibi akapiga kigelegele.

Rahila aliingia bafuni, akafungulia mfereji wa maji, akalia. Alimtukana Hamed kwa uoga wake, kisha akajitukana mwenyewe. Nyumba nzima ilifurahi, akajiona amefungiwa ndani ya furaha yao, na aliyeutupa ufunguo ni yeye.

Ijumaa alivishwa nguo ya kijani ya nyuzi za dhahabu, mikono imepakwa hina. Wageni wa Sur wangefika kabla ya Magharibi. Akaiwasha simu, na mara hiyo hiyo ikalia.

"Rahila, usikate!" Hamed alikuwa akihema. "Leo nimerusha mwenyewe. Nimemrushia ammi karibu na kifua. Kakwepa, kofia ikaanguka. Nikarusha tena pale pale, na wa tatu kaukosa."

"Akafanyaje?"

"Kanijia na gongo mkononi, nikajua napigwa. Nikambusu mkono, nikamwambia, ammi, Hajar ni dada yangu, tumekula sahani moja tangu utoto, simuoi. Namtaka Rahila binti Harub."

"Akasemaje?"

"Kageuka, kaenda zake. Kakaa tu garini. Labda kanitupa. Lakini nimesema."

Rahila akaegemea ukuta. "Mie sikusema, Hamed. Baba aliniuliza, nikanyamaza. Watu wa Sur wako njiani."

"Basi sema sasa."

"Leo ndiyo unanifundisha?"

"Wewe ndiye ulonifundisha, habibti."

Mzee Harub alikuwa majlisi, sebule ya wageni, akitia ubani chetezoni.

"Baba." Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alimtazama machoni. "Jumatano nilinyamaza. Haikuwa ndiyo."

"Unasema nini? Watu wameshapita Ibra!"

"Ndiyo maana nasema kabla hawajafika. Simtaki Firas. Namtaka Hamed, na yeye ananitaka."

Mzee alikaa chini polepole. Uso wake ulizeeka pale pale, na Rahila aliumia kuuona. "Nitamtazamaje rafiki yangu?"

"Niache nimwambie mimi."

"Nenda ndani!"

Nyuma ya pazia alimsikia babake akiomba radhi kwa simu, kwa Kiarabu, aibu yangu, ya akhi, ndugu yangu, aibu yangu. Watu wa Sur waligeuza gari, na hadi leo hawapokei simu ya Mzee Harub.

Simu ilikuwa bado mkononi mwa mzee gari liliposimama mlangoni. Aliingia Ammi Marzouq, dishdasha ingali imekunjwa, vumbi la Birkat miguuni. Nyuma yake Hamed, kapelo kaivua.

"Salaam aleikum, Harub. Nimekuja kumposea huyu mpumbavu. Kaniangusha kofia mbele ya kijiji kwa ajili ya binti yako. Nataka nimsikie mwenyewe huyo binti."

Mzee Harub alitazama pazia, hakulizuia. Rahila akatoka.

"Shikamoo, ammi."

"Marahaba. Unamkubali huyu?"

Wote wakangoja anyamaze, kama wanavyonyamaza wasichana wa watu. Hata Hamed aliinamisha kichwa.

"Ndiyo!" Rahila akasema, kwa sauti iliyofika mpaka jikoni, ambako bibi aliangusha birika la kahawa.