Kibandiko Juu ya Ufa

Kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa na kazi tatu: kuwapa kuku mahindi, kumsaidia Mama kugeuza arepa, mikate yetu ya mahindi, kikaangoni, na kupeleka makopo mawili ya maziwa kwa jirani yetu wa bondeni. Kazi ya tatu niliifanya kwa baiskeli ya Baba, chuma kitupu, nzito kama ng'ombe mgonjwa. Kushuka kulikuwa raha. Kupanda niliisukuma kwa mikono, na hapo ndipo Duván Cely wa shuleni kwetu aliponipita kila siku kwa baiskeli yake mpya ya dukani, akipiga kengele.

"Nohora, ng'ombe wako amegoma tena?"

"Cheka tu," nilimjibu. "Ipo siku utauona mgongo wangu."

Sikusema hivyo kwa kujifariji. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilikuwa na mpango. Hapa Tibasosa, kila tarehe kumi na sita ya Julai, sikukuu ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, malori, pikipiki na baiskeli hupangwa mbele ya kanisa, na padri huzinyunyizia maji ya baraka. Baada ya baraka vijana hushindana. Hupanda hadi msalaba ulio juu ya mlima, hupumzika kidogo, kisha hushuka kwa njia ya mawe. Wengine hutaka kushiriki tu. Mimi nilitaka kushinda, tena Duván akiwepo.

Misimu miwili nilichuma feijoa katika shamba la jirani, hadi harufu ya matunda yale ikakataa kutoka mikononi. Ujira wangu ukaninunulia fremu ya kaboni kwa kijana mmoja wa mji wa Duitama aliyeacha mashindano. Ilikuwa imechubuka rangi, lakini nzima. Mama aliiinua kwa kidole kimoja.

"Hii ni fremu au ganda lake?" akauliza.

Vitu vingine niliviokoteza. Uma wa mbele wenye springi nilipewa na binamu yangu. Magurudumu yalitoka kwenye lundo la nyuma ya karakana ya Fundi Custodia, mama aliyewahi kuwa mshindani mwenyewe, mwenye kovu kidevuni na asiyecheka ovyo. Siku nilipokwenda kuyachukua, aliishika fremu yangu akaizungusha mikononi.

"Ilete niifunge mimi," alisema. "Kaboni si chuma, binti. Chuma kikizidiwa kinapinda, unakiona. Kaboni haipindi. Inanyamaza, halafu siku moja inakatika."

"Nitaifunga nyumbani, Fundi. Mwenyewe."

"Basi njoo uazime spana yenye kipimo, ile inayolia *tak* nguvu ikitosha. Na kwenye nguzo ya kiti usipake grisi. Nitakupa dawa yake, yenye chembechembe kama mchanga, ili nguzo ishike bila kukazwa sana."

Duván alikuwa pale akijaza upepo. "Ataifunga jikoni, Fundi, kati ya sufuria," akasema. "Tutapata baiskeli ya supu."

Watu wawili watatu wakacheka. Kwa sababu ya kicheko hicho, sikurudi kuazima chochote. Nilijiambia kwamba siwezi kwenda tena pale kama mwombaji. Ubishi wangu nimeurithi, nadhani kwa bibi yangu, lakini ujinga ule ulikuwa wangu mwenyewe.

Wiki tatu jikoni kwetu hapakuwa na nafasi ya kupita. Magurudumu yalining'inia kwenye boriti juu ya jiko, na Mama alikuwa akiinama kuyakwepa kila alipochota supu. Niliunga mnyororo mara nne kabla haujakubali. Gia zilinisumbua siku mbili nzima: nikitaka ya tatu inaruka ya tano. Breki ya nyuma ililia hadi mbwa akahama. Lakini kitu kimoja baada ya kingine kilikubali, na kila kilipokubali niliimba. Baba, ambaye ni mwashi, alikuwa akirudi na saruji kwenye nyusi, anasimama mlangoni, anatikisa kichwa.

"Mama, unajenga kuliko mimi," aliniambia.

Ikabaki nguzo ya kiti. Kwetu kila kitu hupakwa grisi: bawaba, gurudumu la toroli, hata kufuli la banda la kuku. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kopo la Baba. Nikapaka, nikakaza, nikakaa juu. Kiti kikazama. Nikakaza tena. Kikazama tena. Nikawaza ile dawa ya Fundi, nikawaza na kicheko cha Duván, nikaenda kuchukua bomba ambalo Baba hupindia nondo. Nililivisha kwenye mpini wa spana ya kawaida ili nipate nguvu zaidi, nikavuta kwa mwili mzima.

Nikasikia *tik*. Sauti ndogo, kama ya yai linapogusa ukingo wa bakuli.

Kiti hakikuzama tena. Nilipofuta grisi nikauona ufa, mwembamba kama unywele, urefu wa nusu kidole, ukishuka kutoka kwenye mdomo wa fremu pale nguzo inapoingia. Nilibaki nimepiga magoti nikiutazama. Niliona aibu, na aibu yangu siku zote hutoka kama hasira. Nilimkasirikia Fundi kwa kuwa alikuwa sahihi. Nilimkasirikia Duván kwa kuzaliwa. Kisha nikakumbuka kibandiko cha Bikira wa Karmeli nilichopewa na dereva wa lori la viazi. Nikakibandika juu ya ufa, nikakisugua kwa dole gumba hadi kikashika vizuri.

"Umemweka Bikira," Mama akasema alipokiona. "Umefanya vizuri, mama."

Sikuweza kumtazama. Ilikuwa Jumatano, na mashindano yalikuwa Jumapili. Nusu kidole tu, nilijiambia. Itashika.

Jumapili padri alipita na ndoo yake, maji yakatugusa sote, nami nikainamisha kichwa kuliko wengine. Wakatupigia filimbi. Sikudanganyi, ile baiskeli ilipanda. Ilikuwa nyepesi chini yangu, na miguu iliyozoea kusukuma ng'ombe wa chuma haikuamini. Nilimpita Duván kwenye kona ya pili. Nilifika wa kwanza msalabani, nikakaa juu ya jiwe, nikala kipande changu cha jamu ngumu ya mapera kabla yeye hajatokea.

Alifika akihema, uso mwekundu. Watu waliotangulia kwa lori walikuwa wamejaa pale, nusu ya shule yetu ikiwemo.

"Si wewe, ni baiskeli," alisema. "Kwa kaboni hata ng'ombe angepanda."

"Juzi ilikuwa ya supu, leo ndiyo imenishindia?"

"Basi tubadilishane. Tushuke, mimi na yako, wewe na yangu. Ukinishinda kwa yangu, kesho nasimama mstarini asubuhi, mbele ya walimu, nasema Nohora Siachoque ni bora kuliko mimi."

Makelele yakaanza. "Kubali! Kubali!" Wakamgeukia Fundi Custodia, ambaye ndiye aliyekuwa akisimamia mashindano na kukagua breki kabla ya kushuka.

"Mkikubaliana wenyewe, mimi sikatazi," alisema.

Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo tangu nikiwa na miaka tisa. Baiskeli yake ilikuwa nzima, na yale mawe niliyajua moja moja. Ningemshinda, naapa. Nilichotakiwa kufanya ni kusema ndiyo, kisha kunyamaza.

Duván hakusubiri jibu. Alirukia kiti changu ajaribu urefu. Yeye ni mzito kuliko mimi. Nikasikia fremu ikilia chini ya kibandiko, kidogo tu, mahali ambapo hakuna aliyejua kusikiliza isipokuwa mimi. Mbele yake njia ilianza kuporomoka, mawe matupu hadi chini.

"Shuka," nikasema.

"Umeogopa tayari?"

"Shuka, Duván. Fremu ina ufa."

Alishuka taratibu, kama mtu anayeondoka kwenye kitanda cha mwenye homa. Fundi Custodia akaja. Akabandua ukingo wa kibandiko kwa kucha, akatazama, kisha akatoa sarafu mfukoni na kuanza kuigongagonga fremu. Juu ya bomba refu la mbele sarafu ililia *ting, ting*. Alipofika karibu na ufa ikalia *tuk*, kama mlango wa kabati tupu. Kila mtu alisikia.

"Tangu lini?"

"Jumatano."

"Na ungeshuka nayo wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, Fundi."

"Huyu hukutaka avunjike shingo."

"Hapana."

"Na shingo yako ya akiba umeiweka wapi?"

Watu wakacheka, safari hii hata mimi nisingewalaumu. Machozi yalinitoka nikiwa nimekunja ngumi. Walitaka kuipakia baiskeli kwenye lori pamoja nami, nikakataa. Duván akashuka na yake, akashinda. Mimi nikashuka kwa miguu, nikiisukuma ya kwangu katikati ya barabara, kichwa juu, mwendo wa saa mbili. Kila niliyekutana naye aliuliza imekuwaje, na kila mmoja nilimjibu kwa sauti ile ile: "Ina ufa. Niliupasua mimi, nikauficha." Kumjibu mtu wa kwanza kulikuwa kugumu kama kumeza jiwe. Nilipofika kwa mtu wa kumi, haikuuma tena.

Nyumbani Baba aliupitisha ukucha wake kwenye ufa, kisha akalitazama bomba lake la nondo.

"Usipoziba ufa, utajenga ukuta," alisema.

"Niliuziba, Baba."

"Uliufunika. Kuziba ni kazi nyingine. Mimi nikiitwa kwenye ufa wa ukuta, kwanza naupanua kwa patasi. Mwenye nyumba analia, anadhani namvunjia. Lakini ufa usiofunguliwa haushiki saruji, mama. Leo umeufungua mlimani. Hiyo ndiyo nusu ya kazi, na ndiyo ngumu."

Jumamosi iliyofuata Fundi Custodia aliingia jikoni kwetu bila hodi nyingi, na sanduku la vifaa begani.

"Ulisema nyumbani," aliniambia. "Basi nyumbani."

Alitufunga vitambaa puani, mimi na yeye, kwa sababu vumbi la kaboni si la kuvutwa, na kazi tukaihamishia uani kwenye upepo. Akanipa msasa. Nilisugua rangi yote kuzunguka ufa, eneo la kiganja kizima, hadi nikaogopa.

"Ufa ni mdogo kuliko hivi, Fundi."

"Endelea."

Tukazungushia kitambaa cha nyuzi za kaboni, tabaka moja, gundi, tabaka jingine, hadi manne. Tukaiacha ikauke wiki nzima. Kisha akaigonga kwa sarafu, akanipa sarafu nami nikaigonga, nikarudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika kwa raha ya kusikia *ting*. Nikapaka ile dawa ya chembechembe kwenye nguzo. Nikakaza kwa spana yake hadi ikalia *tak*. Mkono wangu ulitamani kuongeza kidogo. Fundi alinitazama tu, nikaiweka spana chini.

Baba alileta kopo la rangi ili kiraka kisionekane. Nilikataa. Kilikuwa cheusi, kimevimba kidogo, na nilikitaka hivyo hivyo.

Fundi alikuwa akifuta mikono. "Watu watakwambia uache ubishi," alisema. "Mimi sikwambii hivyo. Ubishi ndio uliokufikisha wa kwanza msalabani. Ubishie mlima. Mbishie Duván. Nibishie hata mimi, nimezoea. Lakini kosa lako usilibishie, Nohora. Likubali mapema likiwa nusu kidole, maana halitakungoja."

Mama akamwekea bakuli la supu, kubwa.

Jumatatu nilipeleka maziwa bondeni kwa baiskeli yangu. Nikirudi, makopo matupu yakigongana kwenye mkoba mgongoni, nilimkuta Duván katikati ya mlima. Hakupiga kengele. Tulikwenda sambamba kidogo, akakitazama kiraka.

"Na hiki nini?"

"Ufa. Niliupasua, nikauficha, nikausema, nikauziba. Una swali jingine?"

Labda alikuwa nalo, lakini pumzi hakuwa nayo. Nikabadilisha gia, ikaingia palepale nilipotaka, na Duván Cely akautazama mgongo wangu hadi kwenye kona ya kanisa.