Pumzi za Mgonjwa wa Kwenye Skrini

Mgonjwa alianza kupumua kabla Sabah hajabonyeza kitu.

Hakuwa mtu. Alikuwa picha ya mwanamume ndani ya laptopu, ambayo wanafunzi wa udaktari waliitumia kujifunza huduma ya dharura bila kuua mtu wa kweli. Ukibonyeza kifuani, moyo unasukumwa; ukibonyeza mdomoni, umempa pumzi. Mwalimu wao, Daktari Muiruri, aliwaambia wampe jina ili wamhurumie. Wengine waliandika majina ya wanasiasa, huruma ikaishia hapo. Sabah aliandika Shafi, jina la mjomba wake aliyekufa kwa pumu mlangoni pa nyumba hii hii ya Kambi Muru, akingoja gari la kumpeleka hospitali.

Jina peke yake lisingedhuru. Lakini kila Alhamisi jioni nyanyake Fatna, aliyemwita Habuba, yaani nyanya kwa Kinubi, alichoma ubani na kumtaja Shafi, mwanawe, akimwombea dua. Sabah alifanyia mazoezi papo hapo, saa hiyo hiyo, kwa kuwa chumba kilikuwa kimoja.

Punde laptopu ikaanza kunuka ubani hata asubuhi. Sabah, msomi, aliilaumu feni. Kisha Habuba akaanza kuishiwa na pumzi. Kliniki walisema ni uzee, ugonjwa usiohitaji vipimo.

Mtihani ukaangukia Alhamisi, wa mtandaoni, kila mwanafunzi akiwa kwao na wote wakiona skrini ya anayetahiniwa. Habuba alikuwa amejilaza nyuma ya Sabah, chetezo kikifuka. Simuni alikuwa Katunge, rafiki yake, akingoja zamu yake kwao Kawangware 46.

Moyo wa mgonjwa ukasimama. Sabah akabonyeza kifua, kisha mdomo. Kifua cha picha kikainuka, na nyuma yake Habuba akakorota kama mtu anayenyang'anywa kitu kooni.

"Sabah," Katunge alinong'ona, "mgonjwa wako haangalii juu kama wa wengine. Anaangalia kitanda."

"Ni programu imekwama."

"Programu haimezi mate."

Sabah akabonyeza tena. Habuba akakorota tena.

"Unampa nani pumzi, wewe?" Habuba aliuliza, sauti nyembamba.

"Mjomba Shafi. Ni picha tu, Habuba."

Midomo ya picha ikafunguka. "Habuba," ikasema, kwa sauti ya Sabah mwenyewe.

Habuba akatikisa kichwa. "Shafi nilimzaa mimi. Aliniita Mama. Huyo alisikia tunaita mtu, akaitika yeye. Nimempa moshi, wewe umempa jina, na hizo pumzi unazogawa ni zangu. Wacha."

Sabah akaondoa mkono, lakini kifua kikaendelea kuinuka chenyewe, na kila kilipoinuka blanketi la Habuba likashuka zaidi, na harufu ya ubani ikageuka ikawa ya nywele zinazoungua, na yale macho ya picha yakatoka kitandani polepole yakamgeukia yeye, yakimpima kifua kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni, mpaka akasahau kama yeye mwenyewe alikuwa akipumua.

"Sabah, anakufa. Mbona umeacha?" Daktari Muiruri aliuliza kwenye laptopu. "Ukitangaza kifo sasa, umeanguka. Utarudia mwaka."

"Najua, daktari."

Akabonyeza kitufe cha kutangaza kifo. Mstari wa moyo ukalala. Kitandani Habuba akavuta pumzi ndefu, halafu akaomba chai. Sabah akalia, akiwa ameanguka mtihani, na hakujali.

Maji yalikuwa hayajachemka Katunge aliponong'ona tena.

"Sabah, mgonjwa wangu nilimpa jina Phanuel. Mbona hapa imeandikwa Shafi?"

"Usimguse. Katunge, usibonyeze kitu."

"Nishampa pumzi moja. Si daktari amesema nianze? Na hii harufu ni ya nini? Kwetu hakuna mtu huchoma ubani."

Nyuma ya Katunge, mbali na simu, Sabah akamsikia Kasiva, mamake Katunge, ambaye kifua hakijawahi kumsumbua maishani, akikorota.