Chale Mbili za Suzana

Suzana aliitika, na hakuna aliyemwita.

"Abee!" Akaacha sufuria kwenye beseni, akasimama kutazama mahindi nyuma ya nyumba.

"Nani kakuita?" dada yake, Noela, aliuliza.

"Si wewe?"

"Mimi? Katoe nta masikioni, mtoto wewe."

Wakacheka. Lakini upepo ulipopita kwenye mahindi ulileta harufu ya matope ya mtoni, na mto uko mbali na kwao.

Noela hakulitia maanani. Siku hiyo alikuwa na furaha yake. Tangu aache shule akiwa kidato cha pili, alikuwa akijifunza kusafisha picha kwenye kompyuta kwa Hironimus, mwenye studio jirani na stendi ya Songea, na jana yake ndiyo alimaliza picha ya kwanza peke yake: Suzana na gauni jeupe la Komunyo ya Kwanza. Alifuta vipele. Kisha akavuta paji la uso karibu, akaziona zile chale mbili za utotoni, moja juu ya kila jicho, akaona zinamharibu mtoto. Akachukua ngozi ya shavuni, akaipachika juu yake taratibu mpaka zikapotea.

"Umelainisha mno," Hironimus alisema. "Na umebeba mpaka kidoa cha shavuni. Ona, kipo tena hapa juu ya jicho. Ya mwanzo ipo?"

Noela akaitafuta, haikuwepo. Alikuwa amehifadhi juu ya ileile.

"Basi, iende. Wote tulianza hivyo."

Picha ikachapishwa, ikatundikwa ukutani kwao, na nakala nyingine Noela akamtumia kwa simu shangazi yao Adela aliyeko Namtumbo, akajibiwa kwa mioyo myekundu.

Jioni mvua ilinyesha. Suzana aliitika tena, halafu tena. Bibi yao Lidwina, ambaye macho yake yalishaingia ukungu, akamvuta mjukuu wake, akampapasa paji la uso. Mkono ukasimama.

"Noela, chale ziko wapi?"

Noela akamulika kwa simu. Ngozi ilikuwa laini, haina hata kinyweleo, na juu ya jicho la kulia palikuwa na kidoa cheusi, pacha wa kile cha shavuni.

"Bibi, mimi nilizifuta kwenye picha tu."

"Ulifuta mlango wa nyumba ukasema umefagia?" Bibi alinong'ona. "Huyu alipokuwa mchanga kule Mpitimbi, jini la mtoni lilimwita, naye akawa anaitika kabla hajajua kusema mama. Zile chale ndizo zilizomziba masikio."

"Abee, nakuja," Suzana alisema, akauendea mlango, na Noela akamkumbatia kwa nyuma, lakini mtoto yule mwembamba alimburuta kama gunia, nywele zake kavu zikidondosha maji, harufu ya matope ikijaa chumba mpaka Noela akahisi mchanga kwenye meno, na huko nje, katikati ya mvua, kitu kikawa kinaita kwa sauti ya Noela mwenyewe, kwa upole, kama dada anayemwita mdogo wake aje kula.

"Mlaze!" Bibi alimimina unga mweusi wa dawa kwenye kisosi. "Wembe huo. Mikono yangu inatetemeka, na aliyezifuta ndiye azirudishe."

Noela alimkalia mdogo wake kifuani akilia. Hakuhitaji kuonyeshwa mahali. Alichanja kushoto. Akachanja kulia, katikati ya kile kidoa, akasugua dawa, na kidoa kikayeyuka chini ya kidole chake kama wino. Suzana akapiga kelele, kisha akauliza kwa nini amelala sakafuni.

Nje palibaki mvua tu.

Picha ya ukutani wakaichoma; ile ya kwenye simu hakuna aliyeikumbuka. Asubuhi Suzana alikuwa bado amelala, chale zimekauka vizuri, simu ilipoita.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Watu wabaya ninyi! Mtoto anakuja Namtumbo hamsemi?"

"Mtoto gani?"

"Suzana, si huyu hapa barazani na gauni lake la Komunyo. Limelowa chapa, ananuka matope, sijui kapita wapi. Na hiki kidoa cha juu ya jicho kakipata lini?"

Noela aligeuka. Suzana alikuwa palepale kitandani, anakoroma kidogo.

"Shangazi, usimwingize ndani. Usimwite jina!"

"Unasemaje? Unakatika. Hebu ngoja uongee naye mwenyewe. Su..."

"Abee," sauti iliitika, kabla jina halijaisha.